Filamu ya Cabrini: huyu sista anasali saa ngapi?

#1 Mwalimu wa Kigango
Wakuu, habari za jioni. Jumapili iliyopita tulifunga projekta kwenye ukumbi wa parokia yetu hapa Sumbawanga, tukaonyesha filamu ya *Cabrini*, ile iliyotoka tarehe 8 Machi 2024. Inamhusu Mtakatifu Francesca Cabrini, mtawa wa Kiitaliano aliyekwenda New York kuwatumikia wahamiaji maskini wa kwao. Walikuja watu wa jumuiya nne pamoja na watoto wa Utoto Mtakatifu, waliokaa mbele kwenye mikeka. Nilikuwa nasimamisha kila baada ya kipande natafsiri kwa kipaza sauti, basi filamu ya saa mbili na nusu ikatuchukua karibu saa nne. Hakuna aliyeondoka. Pale mwanzoni yule mtoto Paolo anaposukuma mkokoteni mama yake amelala ndani anakata roho, anabisha hodi hospitalini anafukuzwa, ukumbi ulinyamaza hadi nikasikia feni ya projekta.

Mwishoni nikauliza kama kuna mwenye swali. Bibi mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, umri wake unapita miaka 80, akanyoosha mkono: "Mwalimu, huyu sista anasali saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nimeirudia filamu peke yangu nyumbani. Makanisa yamo, misalaba imo, Mungu anatajwa. Lakini huyu mama aliyeacha nyuma yake taasisi 67, shule, hospitali na nyumba za yatima, muda mwingi tunamwona akibishana, akitembea, akikohoa, akiomba fedha. Kupiga magoti akatulia ni nadra mno. Sala wameiweka wapi? Ni kosa, ni makusudi, au ndivyo alivyokuwa kweli? Nisaidieni, nimemwahidi bibi jibu.

#2 Mpenda Filamu
Mwalimu, hongera kwa kazi ya kutafsiri saa nne.

Kwa upande wa sinema jibu liko wazi. Bajeti inayotajwa ni kama dola milioni 50. Kwa filamu ya kumhusu mtawa hizo ni fedha nyingi sana, na haziwezi kurudi kwa kuwauzia tiketi Wakatoliki peke yao. Angalia tarehe uliyoitaja mwenyewe: 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani. Waliamua kuiuza kama habari ya mwanamke anayefungiwa milango na wanaume wenye vyeo. Mtu asiye na dini anaingia ukumbini, anaelewa kila kitu, anatoka analia. Ukimwekea rozari dakika kumi umempoteza. Na hata hivyo kumbini haikufika mbali, ilikusanya karibu dola milioni 20 tu.

#3 Mbishi wa Kibaha
Mimi naona mnazunguka. Filamu imetolewa na Angel Studios ya Utah, na ndugu walioianzisha kampuni ile ni waumini wa Kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho, yaani Wamormoni. Mlitegemea wawaonyeshe adorasheni, watu wamepiga magoti mbele ya Ekaristi? Kila mtu hupika anachokula nyumbani kwake.

Halafu tusisahau kwamba huyu ni mtakatifu wa kwanza wa Kimarekani, kwa hiyo Wamarekani wamemtengeneza kwa sura yao: mchapa kazi, mjasiriamali, asiyekubali kushindwa.

#4 Mpenda Filamu
Mbishi, mambo mawili. Angel ni wasambazaji. Walipoichukua filamu ilikuwa imeshapigwa. Mwongozaji ni Alejandro Monteverde, Mmeksiko na Mkatoliki, ndiye aliyeongoza pia *Sound of Freedom* iliyovuma 2023. Kwa hiyo hoja ya Utah haisimami.

Pili, Cabrini ni *raia* wa kwanza wa Marekani kutangazwa mtakatifu, mwaka 1946. Alizaliwa Sant'Angelo Lodigiano, Italia, 1850, akapewa uraia wa Marekani mwaka 1909 akiwa Seattle. Mzaliwa wa kwanza wa Marekani kutangazwa ni Elizabeth Ann Seton, na hiyo ilikuwa 1975.

#5 Mbishi wa Kibaha
La Seton nimelipokea, asante. La Utah bado nalitafakari. Msambazaji naye huchagua anachokipeleka sokoni.

#6 Novisi wa Zamani
Tumsifu Yesu Kristo. Mimi nilikaa unovisi, yaani malezi ya kuwa sista, miaka miwili kabla ya kuondoka kwa ridhaa yangu na ya walezi, kwa hiyo niruhusuni niseme kwa kirefu kidogo.

Swali la bibi ni swali la mtu anayewajua masista. Anajua kuna kengele. Kwetu kengele ilikuwa saa kumi na moja kasoro robo alfajiri. Unanawa maji ya baridi gizani, unatafuta viatu kwa mguu, unaingia kanisani. Masifu, tafakari, Misa. Saa moja na nusu unapotoka kwenda shuleni au zahanati, wewe umeshakaa mbele ya Mungu zaidi ya saa mbili na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyekuona. Anachokiona yeye ni sista anayekimbia koridoni na funguo kiunoni.

Filamu imemfuata sista wa koridoni. Kamera imefika saa mbili asubuhi, imekuta kazi imeanza.

Na haikuwa lazima iwe hivyo, kwa sababu matukio yapo. Wasifu wake unasimulia usiku wa kwanza. Walitua New York tarehe 31 Machi 1889, yeye na masista sita. Nyumba waliyoahidiwa haikuwepo. Wakapelekwa kwenye vyumba vichafu vya kupanga, vitanda vimejaa kunguni kiasi kwamba hawakuthubutu kulala. Wakakesha wakisali hadi asubuhi. Siku ya pili wakaenda kwa Askofu Mkuu Corrigan wa New York, naye akawaambia ni afadhali warudi Italia. Mama akamjibu kwamba hapana, anakaa, maana barua alizonazo zimetoka kwa Papa. Fikirieni hiyo sauti ilitoka kwa mtu aliyetoka kukesha. Ukiondoa mkesha, unabaki na mwanamke jeuri tu. Ndipo filamu iliponiumiza.

Kauli ya shirika lake, alilolianzisha Codogno, Italia, mwaka 1880 na wenzake saba, ni Wafilipi 4:13: nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu. Filamu imeonyesha "nayaweza mambo yote" vizuri sana.

#7 Mwalimu wa Kigango
Novisi, ubarikiwe. La kunguni nitamsomea bibi hivi hivi lilivyo.

#8 Buffalo na Uvira
Jambo yenu wote. Mimi ni mtu wa Uvira, nilikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka kumi na mmoja, sasa niko Buffalo, jimbo la New York. Nimeingia kwenye huu uzi kwa sababu moja: filamu hii sehemu kubwa ilipigwa hapa kwetu. Ile New York ya zamani mnayoiona ni majengo ya Buffalo. Sisi Wakongo na Warundi tumejaa upande wa magharibi wa mji, ukipita mtaani unasikia Kiswahili kuliko unavyodhani. Kwa hiyo wamekuja kuigiza wahamiaji maskini katika mji ambamo wahamiaji maskini tunaishi. Nilipoiangalia na watoto, mdogo alisimama akagusa televisheni: "Papa, hapo ni kwetu!"

Sasa kuhusu sala. Wataliano wa wakati ule, kwenye parokia nyingi za Waayalandi, Misa yao ilikuwa chini, kwenye chumba cha msingi wa kanisa. Juu walikaa wenyewe. Nilipolisoma hilo nilisimama kidogo. Parokia ya kwanza tuliyofikia sisi tuliomba Misa ya Kiswahili, tukapewa ukumbi wa chini, saa saba mchana, mara moja kwa mwezi, na tukaambiwa ngoma zisilie sana. Kina mama walipanda ngazi wakiwa na vitenge vyao vya Bikira Maria na watoto mgongoni, juu watu wanakunywa kahawa wanatutazama. Hakuna aliyetutukana. Lakini nilijua tuko chini.

Kwa hiyo mimi nasema sala imo ndani ya filamu, ila imekaa kwenye neno moja: mahali. Huyu mama anatafuta mahali ambapo watu wake watasimama bila kuomba radhi. Mhamiaji akipata mahali, sala inakuja yenyewe. Mwalimu mwambie bibi hivyo.

#9 Mbishi wa Kibaha
Ndugu wa Uvira, nimeisoma mara mbili. Pole na hongera. Na siku hizi mnasalia wapi?

#10 Buffalo na Uvira
Parokia nyingine. Juu. Na ngoma tunapiga.

#11 Mpima Viwanja
Nacheka kwa furaha hapo #10.

Naongeza kipande ambacho nimesikitika hakimo kwenye filamu. Chicago, miaka ya mwanzo ya 1900, masista walikuwa wananunua hoteli moja kubwa iitwayo North Shore waigeuze hospitali. Mama Cabrini alihisi wauzaji wanataka kupunguza eneo kinyemela. Basi akawatuma masista alfajiri na mapema wakapime kiwanja chote kwa kamba walizoziunganisha. Wakapima. Vipimo vikakataa, kuna kipande kilikuwa kinamegwa. Akakirudisha. Hospitali ikafunguliwa 1905. Baadaye wajenzi walipoanza kupandisha gharama aliwafukuza akasimamia ujenzi mwenyewe.

Mimi nimepima viwanja miaka kumi na sita. Nimeona parokia, misikiti na shule zikiliwa mita tatu hapa, mita tano kule, kwa sababu hakuna aliyeamka alfajiri na kamba. Kwa hiyo jibu langu kwa bibi: saa ya sala sijui, ila alfajiri ile kabla ya jua walikuwa wamekwisha amka. Maelezo ya Novisi na haya yanakutana hapo.

Na naamini sababu ya yote ni hesabu. Yule mama alikuwa na akili ya fedha kuliko matajiri wengi wa mji ule. Filamu imeficha sala, na imeficha daftari la hesabu pia. Imebakiza moyo tu.

#12 Novisi wa Zamani
Mpima, hilo la daftari ni kweli kabisa. Nisichokubali ni kusema "sababu ya yote". Wenye akili ya fedha walikuwa wengi New York na hawakujenga hata kituo kimoja cha yatima wa Kitaliano.

#13 Sauti ya Malindi
Hamjambo. Hebu niwaletee kitu kutoka pwani.

Kuna aliyeandika kwenye uzi mwingine kwamba Cabrini aliipenda Marekani tangu utotoni. Sivyo. Alitaka Uchina. Akiwa mdogo alikuwa akitengeneza vimashua vya karatasi, anavijaza maua, anaviachia mferejini akisema ni wamisionari wanaokwenda Uchina. Siku moja akatumbukia nusura afe maji, na tangu hapo akaogopa maji maisha yake yote (filamu inarudia rudia picha hiyo ya kuzama). Na bado alivuka bahari zaidi ya mara 20. Papa Leo XIII ndiye aliyemwambia aende Magharibi, si Mashariki. Askofu Scalabrini wa Piacenza naye alikuwa akimsihi muda mrefu, kwa sababu alikuwa akiwashughulikia wahamiaji. Scalabrini mwenyewe ametangazwa mtakatifu Oktoba 2022.

Sasa jina. Cabrini aliitwa Francesca Saverio, na hilo "Saverio" alilichukua kwa heshima ya Fransisko Saveri, mmisionari aliyekufa mwaka 1552 kwenye kisiwa akiitazama Uchina bila kuingia. Huyo Saveri alipita hapa kwetu Malindi mwaka 1542 akielekea Goa. Kanisa dogo la Wareno bado lipo, nimepita mbele yake nikienda sokoni maelfu ya mara. Na katika barua yake anasimulia kwamba mzee mmoja wa heshima, Muislamu wa Malindi, alimuuliza: je, huko kwenu watu wanakwenda makanisani kweli, wanasali kwa moyo? Maana, akasema, hapa kwetu kuna misikiti 17 na inayoendewa ni mitatu tu, nayo na watu wachache.

Yaani yule ambaye Cabrini alichukua jina lake aliulizwa swali la bibi wa Sumbawanga, miaka karibu 500 iliyopita, na mzee wa Kiswahili. Nimeandika haya nywele zimenisimama.

#14 Mwalimu wa Kigango
Sauti ya Malindi, sina la kusema. Asante sana.

#15 Mama Tunu
Asalaam aleikum nyote. Mimi ni Muislamu, niko Tanga, filamu niliiona kwa jirani yangu mama Mkatoliki, tukalia wote wawili na kitambaa kimoja.

Huyo mzee wa Malindi alisema kweli ya kwake, nami sitaki kumjibia. Ila kuhusu huyo sista, sisi tunafundishwa kwamba amali huenda na nia. Mwanamke anayemwosha mgonjwa asiye wake, nia yake ikiwa ni Mwenyezi Mungu, yuko ndani ya ibada tangu anaposhika beseni. Sikuona upungufu. Nilimwona yuko ibadani filamu nzima. Pale anapowalaza wale watoto waliookotwa chini ya mtaa, uchafu umewashika hadi kope, hamkuona anavyowashika?

#16 Novisi wa Zamani
Wa aleikum salaam Mama Tunu. Nimekuelewa, na kuna watakatifu wetu waliosema karibu na hayo. Lakini na ninyi mnaswali tano hata kama siku nzima mmeuguza. Nia haikuondoa saa. Ndipo ninapong'ang'ania kengele yangu.

#17 Mama Tunu
Hapo umenishika, dada. Saa ina haki yake.

#18 Nyeri Mlimani
Wapendwa, kila mara tunasifu filamu za watakatifu wa mbali. Lini mtu atatengeneza ya Nyaatha? Sista Irene Stefani, wa shirika la Konsolata, aliyekufa akiwauguza askari wa vita ya kwanza. Alizaliwa Brescia, Lombardia ile ile ya Cabrini, na sisi tukampa jina la Kikuyu, mama wa huruma.

#19 Mpima Viwanja
Nyeri, nakubaliana nawe kabisa ila nirekebishe kidogo. Vitani hakufa. Alifika Mombasa Januari 1915, akahudumu kwenye hospitali za wapagazi wa jeshi la Waingereza, Voi, kisha huku kwetu Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam. Wapagazi hao (Carrier Corps) ndio waliotuachia jina la Kariakoo. Alikufa Gikondi tarehe 31 Oktoba 1930, tauni aliyoambukizwa na mgonjwa aliyekuwa akimhudumia. Babu yangu mzaa mama alichukuliwa upagazi, ndiyo maana nimefuatilia.

#20 Nyeri Mlimani
Shukrani, umesahihisha vizuri. Nilikuwepo Nyeri tarehe 23 Mei 2015 alipotangazwa Mwenye Heri, tope hadi magotini, na hapo ndipo niliposikia wazee wakisimulia alivyotembea vilima vya Gikondi. Walisema alikuwa akitembea anasali rozari njia nzima. Sasa hiyo ingekuwa filamu ya bibi: kamera ifuate viatu na rozari.

#21 Nesi wa Zamu
Natoka zamu ya usiku, naandika haraka.

Jambo ambalo watu hawalitaji ni ugonjwa. Cabrini alizaliwa kabla ya wakati, alikuwa dhaifu tangu utotoni. Alipoomba kuingia utawa alikataliwa kwa sababu ya afya. Alivuka milima ya Andes juu ya nyumbu mwaka 1895. Malaria ndiyo iliyomuua, Chicago, tarehe 22 Desemba 1917, akiwa na miaka 67, na siku ya mwisho alikuwa akiandaa peremende za Krismasi za watoto. Mimi nimeona wagonjwa wa kudumu wa aina mbili: anayejitunza, na anayejitumia haraka kwa sababu anajua siku ni chache. Naona yeye ni wa pili. Kwa hiyo mnachokiita ujeuri kwenye filamu, mimi naita kuharakisha.

Muujiza mmoja uliotumika kumtangaza, wauguzi wenzangu wausikie: mwaka 1921, kwenye hospitali aliyoianzisha New York, mtoto mchanga aliwekewa machoni dawa ya madini ya fedha (silver nitrate) ya asilimia 50 badala ya asilimia 1. Macho yaliungua. Masista wakaomba kwa Mama Cabrini usiku kucha. Mtoto akaona, akakua, akawa padri. Kila ninaposoma lebo ya dawa ya mtoto mchanga nalikumbuka hilo, na mkono wangu unatulia.

#22 Mpenda Filamu
Nesi, pumzika, ahsante.

Nirudi kidogo kwenye historia. Yule Meya Gould anayemtesa mwanzo hadi mwisho, anayeigizwa na John Lithgow, hakuwepo. Ametungwa. Meya wa New York mwaka 1889 alikuwa Hugh J. Grant, Mkatoliki mwenye asili ya Kiayalandi. Askofu Mkuu Corrigan ni wa kweli na mvutano ulikuwepo, ila walikuja kufanya kazi pamoja. Na Papa Leo XIII, anayeigizwa na Giancarlo Giannini, ndiye ambaye Papa wetu wa sasa alichukua jina lake Mei 2025, naye ni mzaliwa wa Chicago, mji aliofia Cabrini.

Kwa nini watunge meya? Kwa sababu filamu inataka ukuta mmoja wenye uso. Katika mazungumzo ya mwisho meya anamwambia angefaa sana kama angekuwa mwanaume, naye anamjibu kwamba wanaume wasingeweza kufanya wanachofanya wao. Ukumbini watu hupiga makofi hapo.

#23 Mbishi wa Kibaha
Na hapo ndipo ninapokasirika, naomba mnisikilize safari hii bila kunitania.

Ukimweka meya mmoja mbaya, mtazamaji anaenda nyumbani akiamini tatizo lilikuwa mtu mmoja. Tarehe 14 Machi 1891, New Orleans, kundi la watu lilivamia gereza likawaua Wataliano 11. Raia wa kawaida, wengine wenye vyeo na suti. Cabrini alikwenda mji huo mwaka uliofuata akafungua nyumba ya yatima. Filamu ingetuonyesha hilo tungeelewa kwa nini watu hawa walihitaji mama. Mimi sala siitafuti. Naitafuta hofu waliyokuwa nayo. Mtu anayeishi mahali anapoweza kuuawa kwa lafudhi yake, kila anapofungua mlango asubuhi anasali.

#24 Mpima Viwanja
Mbishi, leo umeandika kama mtu mzima. Natania, usikasirike tena. Hoja nzito.

#25 Nimerudi Muscat Salama
Nimesoma uzi wote kimya tangu jana. Sasa naandika.

Mimi nilifanya kazi za ndani Oman miaka miwili na miezi minne. Nyumba ya pili haikuwa njema. Kafili, yaani mwajiri aliyenidhamini, alishika pasi yangu, simu nilikuwa napewa Ijumaa nusu saa. Mama mmoja wa Kerala, muuguzi, jirani wa ghorofa ya chini, alinisikia nikilia kwenye chumba cha kufulia. Hakuniuliza dini. Kila Jumanne alikuwa akiniachia kifurushi juu ya mashine: wali wa limau kwenye karatasi ya foili, dawa ya mikono kwa sababu yangu ilikuwa imechubuka na sabuni, na siku moja kipande cha karatasi chenye namba ya ubalozi wetu. Namba hiyo ndiyo iliyonirudisha.

Sikuwahi kumwona akisali. Hata kanisa analosali silijui. Nilijua tu Jumanne.

Kwenye filamu, pale yule binti Vittoria anapoanza kuamini kwamba huyu sista hatamfukuza, nilisimamisha nikaenda kukaa uani. Sijui kama hilo ni jibu la swali la bibi. Nimetaka tu liandikwe mahali.

#26 Mama Tunu
Mwanangu, Mwenyezi Mungu amlipe huyo mama popote alipo, na wewe akutulize.

#27 Novisi wa Zamani
Nimesoma #25 nikafunga simu kwanza. Siongezi neno.

#28 Mwalimu wa Kigango
Wakuu, leo jioni nilikwenda kwa bibi. Alikuwa barazani anachambua maharage kwenye ungo. Nikamsomea karibu yote, kwa sauti, kuanzia kunguni.

Kwenye kunguni alinisimamisha: "Sita na yeye saba, usiku kucha?" Nikasema ndivyo ilivyoandikwa. Akauliza walikalia nini. Sikujua. Nikaendelea. Nilipofika kwa yule mzee wa Malindi alicheka, akasema huyo mzee angekuwa wa jumuiya yetu wangeelewana. Kwa Mama Tunu aliitikia kwa kichwa, kisha akasema yuko upande wa Novisi. Nilipofika #25 aliacha ungo, akafuta mikono, akaniambia nisome tena polepole. Nikasoma. Akauliza jina la huyo binti ili amtaje kwenye rozari ya jioni. Nikamwambia huku watu hawatumii majina. Akasema basi atamtaja "binti wa Jumanne".

Tunaonyesha tena tarehe 22 Desemba, siku aliyofariki Mama Cabrini. Bibi ameagiza watoto wapewe peremende, kwa sababu ya maneno ya Nesi. Na ameniambia safari hii nisizungumze sana, anataka kuwasikia wenyewe. Tatizo ni kwamba wengi ukumbini hawajui Kiingereza wala Kiitaliano. Kuna mwenye wazo?

#29 Mbishi wa Kibaha
Mwambie bibi mimi bado sijaridhika na Utah. Nachangia peremende kilo tano.

#30 Buffalo na Uvira
Mwalimu, mke wangu na binti yetu mkubwa wana sauti nzuri, wanaimba kwaya. Nitumie orodha ya sehemu zote unazosimamisha, na dakika zake. Tutarekodi tafsiri huku, fupi fupi, ili wewe ubonyeze tu. Lafudhi itakuwa ya Uvira, mtatuvumilia.

#31 Mwalimu wa Kigango
Naanza kuandika usiku huu. Ya kwanza ni dakika za mwanzo kabisa: mtoto, mkokoteni, mlango wa hospitali.